Siku Bibi Alipozibwa Pua

Kila siku akitoka shule, Sindano alikuwa na mambo ya kufanya kabla mama yake hajamruhusu kugusa spana. Avue sare, ale, amalize kazi alizopewa na mwalimu. Sare aliivua upesi. Chakula alikila upesi. Hesabu nazo alizifanya upesi, na madaftari yake yalionyesha hivyo. Halafu huyo, mbio, anavuka ua na kuingia gereji akiwa ndani ya ovaroli kuukuu ya mama yake iliyokatwa miguu na mikono.

Gereji yenyewe ilikuwa nyuma ya nyumba. Ilikuwa na paa la bati, shimo la kukagulia magari na ukuta uliojaa vifaa. Kila spana ilikuwa imechorewa umbo lake ukutani kwa rangi nyeupe, na ole wako uitundike mahali pasipo pake! Mama Fundi, kama wateja walivyomwita, angekuita hata ukiwa umeshalala, uje uirudishe.

Kazi yake ilikuwa magari ya porini, yale yanayovuta kwa magurudumu yote manne. Wenye magari hayo hawakuwa watu wa mashindano wala wa kujionyesha. Mmoja alikuwa mwalimu wa shule ya mlimani, mwingine muuza mbegu, mwingine mkaguzi wa visima. Waliyaendesha kila siku, kazini na sokoni, kwenye mawe, tope na makorongo. Mama Fundi aliyanyanyua magari hayo kwa springi ndefu, akayafungia bamba la chuma tumboni yasitobolewe na mawe, na akayabadilishia hiki na kile mpaka yakafaa kwa njia yaliyopita.

Jina la Sindano alibandikwa na Kaka Taratibu, fundi msaidizi, kwa sababu mikono ya mtoto huyo ilikuwa myembamba na ilipenya mahali ambapo ya watu wazima ilikwama kwenye kiwiko. Kaka Taratibu naye jina lake halikuhitaji maelezo. Akianza kunywa chai saa nne, jua lilimkuta utosini na kikombe bado kina moto wa kubahatisha. Lakini kazi aliyoifunga yeye haikufunguka.

Wiki ile gereji ilikuwa na mgeni mmoja mkubwa: gari la Sista. Sista alikuwa muuguzi wa zahanati iliyokuwa ng'ambo ya mto. Gari lake lilikuwa la kijivu, pana, lenye umri wa kuheshimiwa, na mwenyewe aliliita Bibi kwa kuwa asubuhi lilikohoa kwanza kabla ya kukubali kuongea na mtu.

Masika yaliyopita Bibi alizimika katikati ya mto. Injini huvuta hewa kama sisi tunavyovuta pumzi, na siku ile ilivuta maji badala ya hewa. Sista alishuka na kutembea majini mpaka kiunoni, sanduku la chanjo kichwani, akilia kwa hasira. Nusu ya chanjo ziliharibika kwa joto njiani. Watoto wachanga waliokuwa wakisubiri ng'ambo wakarudishwa nyumbani.

"Safari hii nataka Bibi awe na pua ndefu," Sista alimwambia Mama Fundi. "Apumulie juu, huku chini maji yafanye yanavyotaka."

Na pua ndiyo aliyowekewa. Lilikuwa bomba nene jeusi lililotoka ubavuni mwa gari, likapanda kando ya kioo cha mbele mpaka usawa wa paa. Mama Fundi alitoboa tundu kwenye bati la juu ya gurudumu, lile mafundi wanaloliita madigadi. Kaka Taratibu akafunga bomba kwa nati zake. Ikabaki sehemu moja tu, ile iliyojificha ndani ya madigadi, ambapo bomba linaungana na boksi la kichujio cha hewa. Hapo panavishwa kipande cha mpira mfano wa soksi isiyo na kidole, kisha kinabanwa kwa klipu mbili za chuma. Mkono wa Mama Fundi ulikataa kupita. Wa Kaka Taratibu usiseme.

"Sindano!" mama aliita. "Njoo ufanye kazi yako."

Sindano alijilaza chini, akapitisha mkono, akavisha mpira na kukaza klipu. Ilikuwa Ijumaa jioni, na jua likiwa bado juu wakafanya jaribio ambalo gereji ile ililipenda kuliko yote. Mama Fundi aliwasha injini. Sindano akapanda juu ya boneti, akaziba mdomo wa bomba kwa kiganja. Kama viungo vyote vimeziba sawasawa, injini hukosa hewa na kufa. Ikiendelea kunguruma, ujue inapumulia tundu jingine, na penye njia ya hewa maji nayo yatapita.

Bibi alitetemeka, akakohoa, akazimika.

"Amekufa!" walipiga kelele wote kwa furaha, na mpita njia aliyechungulia getini akashangaa watu gani hawa wanaoshangilia gari bovu.

Mama Fundi alimshika Sindano bega. "Mikono hii," alisema, "ningekuwa nayo mimi, ningekuwa tajiri."

Basi hayo maneno ndiyo yaliyoleta balaa. Sindano alivimba kichwa, wacha tu!

Mama alipoingia ndani kuoga na Kaka Taratibu alipokwenda dukani kununua sabuni, akaja rafiki yake Redio. Huyu alikuwa msichana wa darasa lake, jirani wa nyumba ya pili, na tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumkuta amezimwa.

"Eti hilo dude ndilo pua?" Redio aliuliza. "Mbona linaingia tu hapo kwenye bati na kupotea? Labda halijaunganishwa na kitu. Labda ni pambo."

"Pambo? Nimeliunganisha mimi mwenyewe!"

"Wewe? Tuache utani."

"Kwa mikono hii."

"Nionyeshe, basi. Ukishindwa, useme umeshindwa."

Hapo ndipo Sindano alipopaswa kucheka na kubadilisha mazungumzo. Badala yake alichukua bisibisi, akajilaza chini, akalegeza klipu na kuutoa mpira ule nje, akampungia nao Redio kama mvuvi anayeonyesha samaki. Redio macho yakamtoka. Kwa mara ya kwanza akakosa la kusema, na Sindano akafurahi kupita kiasi.

Mara wakasikia mlango wa nyumba ukilia na mama akikohoa uani. Sindano alirudi chini haraka. Mpira ukagoma kuingia. Ulijikunja ukingoni. Alijaribu kuunyoosha kwa ncha ya bisibisi, akasukuma kwa nguvu, akasikia kitu kikisema *cha!* Alipopapasa, kidole chake kikakuta mchaniko. Haukuwa mrefu, lakini kidole kizima kilizama ndani yake.

Akaugeuza mpira ili upande uliochanika ukae nyuma, mahali pasipoonekana, akakaza klipu na kutoka nje akijipangusa vumbi.

"Mnafanya nini hapo?" mama aliuliza.

"Namwonyesha Redio pua ya Bibi."

"Kila kitu kiko sawa?"

Ulikuwa wakati mzuri wa kusema, na hapakuwa na wakati mwingine rahisi kama ule. Sindano alitazama viatu vyake. "Sawa, mama," alijibu.

Redio alimtazama, akafungua mdomo, akaufunga.

Usiku Sindano hakupata usingizi wa maana. Kila alipofumba macho alimwona Sista majini, sanduku kichwani. Alijiambia kwamba mchaniko ni mdogo. Alijiambia kwamba labda mto hautajaa. Alijiambia mengi, na hakuna hata moja aliloliamini.

Jumamosi asubuhi mawingu yalikuwa mazito upande wa milimani. Sista alifika mapema amevaa viatu vya mpira, uso umemng'aa kama mtu anayekwenda kupokea zawadi. Shangwe zake zilitangulia kabla hajaingia getini.

"Shikamoo, Sista," Sindano alisema kwa sauti ndogo.

"Marahaba, mwanangu! Mama yako ameniambia kila kitu kwenye simu. Kumbe kuna fundi mwenye mikono ya dhahabu humu ndani na sisi hatujui!" Sista alizunguka gari lake, akaligonga bomba kwa vidole. "Mvua imenyesha milimani tangu jana. Mto umepanda. Lakini leo siogopi, navuka mchana huu huu. Kesho ni siku ya chanjo, na akina mama wanatoka mbali. Sanduku hili hapa, limejaa."

Aliliweka sanduku la chanjo kwenye kiti cha nyuma kwa uangalifu, akalifunga mkanda kama abiria. Sindano alilitazama sanduku lile. Lilikuwa la bluu, na pembeni lilikuwa na mikwaruzo ya mawe ya mto.

"Mbona umepooza hivyo?" Kaka Taratibu alimuuliza. "Unaumwa?"

"Hapana."

"Basi njoo umuage mgonjwa wako. Anatoka hospitali."

Sista aliingia garini. Bibi alikohoa mara mbili tatu, akakubali. Mama Fundi akafungua geti. Magurudumu makubwa yakaanza kuzunguka taratibu kuelekea barabarani, na Sista akapunga mkono dirishani.

Sindano alifikiri: nikisema, mama hataniamini tena. Nikisema, sitagusa spana maisha yangu yote. Kisha akawaza watoto wachanga wanaosubiri ng'ambo, na maji yakiingia kwenye tundu alilolitoboa yeye na kulificha yeye. Akapiga moyo konde, akakimbia kwa nguvu zake zote, akalipita gari na kusimama mbele yake getini, mikono juu.

"Simama! Sista, simama! Usiende!"

Bibi alisimama kwa kishindo. Kaka Taratibu alikimbia, jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kuliona. Mama Fundi aliwahi kumshika mtoto wake mkono na kumvuta pembeni.

"Una wazimu? Unataka kugongwa?"

"Mpira umechanika," Sindano alisema, machozi yakimtiririka. "Ule wa ndani. Niliutoa jana baada ya jaribio, nikamwonyesha Redio. Wakati wa kuurudisha nikauchana. Nikauficha upande mbaya. Uliponiuliza nikasema sawa, lakini haikuwa sawa. Nilikuwa naogopa, mama. Nilitaka uendelee kunisifu."

Alitoa yote kwa mkupuo, akabaki anahema.

Mama Fundi alimtazama, akamtazama Sista, akalitazama bomba.

"Sista, nisamehe," alisema. "Rudisha gari ndani tafadhali. Sindano, panda boneti. Ziba pua."

Sindano alipanda. Alikandamiza kiganja chake juu ya mdomo wa bomba mpaka kikauma. Injini iliendelea kunguruma bila shida yoyote. Wote walisikiliza mngurumo ule mtamu, na ulikuwa mngurumo mbaya kuliko wowote waliowahi kuusikia katika gereji ile.

Sista alizima gari. "Ningekwama tena," alisema polepole. "Palepale."

Mama Fundi aliinama mpaka macho yake yakawa sawa na ya binti yake. "Nimekasirika," alisema. "Nisikufiche. Nimekasirika kwa uliyoyafanya jana, na nitakuwa nimekasirika mpaka jioni, pengine na kesho. Umenielewa?"

"Ndiyo, mama."

"Vizuri. Sasa futa machozi, tuna kazi. Duka la vipuri limefungwa mpaka Jumatatu na Sista anavuka leo. Nani kati yetu ana mkono unaoingia mle ndani?"

Sindano alidhani hakusikia vizuri. "Bado unataka nifanye mimi?"

"Kwani mikono imebadilika tangu jana? Lala chini."

Mpira uliochanika ulipotoka, Kaka Taratibu aliutazama kwenye mwanga, akatikisa kichwa. Hapakuwa na mwingine. Mama Fundi alifikiri, akaenda nyuma ya gereji na kurudi na mpira wa ndani wa tairi la trekta, ule mzito, uliokuwa umening'inia kwenye msumari miezi mingi bila kazi. Akaupima kwenye bomba kwa kamba, akakata vipande viwili.

"Tutamtengenezea Bibi soksi mpya," alisema. "Tabaka mbili, moja juu ya nyingine, na gundi ya pancha katikati. Wiki ijayo tutamwekea mpira wa dukani. Lakini sharti gundi ikauke kabla ya kubandika. Ukiharakisha, inateleza."

Waliikwaruza mipira ile kwa msasa, wakaisafisha, wakapaka gundi na kungoja. Sindano alitaka kubandika. Kaka Taratibu akamzuia. Alitaka tena. Akamzuia tena.

"Gusa," alimwambia hatimaye. "Inanata kidoleni?"

"Kidogo."

"Basi bado. Mimi watu wananicheka ninavyofanya kazi. Hata wewe unanicheka, nimekusikia ukiniigiza nikitembea. Lakini gundi hainicheki. Gundi na mimi tunaelewana."

Sindano alicheka huku pua bado imejaa kilio, na ghafla kifua chake kikawa chepesi kidogo. Ilipofika wakati hasa, akabandika. Kisha akajilaza chini ya Bibi na kupitisha mkono ndani ya madigadi.

Safari ya kwanza mpira ulijikunja, vilevile kama jana. Jasho lilimwingia machoni. Alihisi mkono ukitaka kusukuma kwa nguvu, ule mkono wa jana. Akauambia utulie. Akautoa mpira, akaupaka maji ya sabuni kidogo ukingoni, akaanza upya, akiuzungusha kidogo kidogo kwa ncha za vidole, upande huu kisha upande ule. Kokoto zilimchoma mgongoni. Nje alisikia Sista akitembea huku na huko na viatu vyake vya mpira, na ngurumo mbali milimani, lakini hakuharakisha.

Mpira uliingia. Alivisha klipu ya kwanza, akakaza. Alivisha ya pili, akakaza. Halafu akafanya ambalo hakulifanya Ijumaa: alipapasa mzunguko wote kwa kidole, juu, chini, mbele na nyuma, hasa nyuma.

"Njoo uhakikishe, mama," alisema alipotoka.

"Mkono wangu hauingii. Wewe ndiye jicho langu huko. Unasemaje?"

"Umeshika pande zote. Hakuna mkunjo, hakuna mchaniko."

"Basi panda."

Hapo tayari watu walishajaa. Redio alikuwa amekaa juu ya ukuta tangu asubuhi, na alipoona siri imetoka kwa mwenyewe, alijiwasha kwa sauti ya juu kabisa. Mtaa mzima ulikwisha pata habari. Watoto walining'inia getini, na hata muuza viatu wa jirani aliacha viatu vyake.

Sista aliwasha. Bibi alikohoa, akanguruma. Sindano alishusha kiganja chake juu ya mdomo wa bomba.

Injini ilitetemeka. Ilivuta, ikakosa. Sindano alihisi bomba likimnyonya kiganja kwa nguvu kama ndama. Bibi alikohoa kikohozi kimoja kizito, akafa.

"AMEKUFA!" Redio alipiga yowe kutoka ukutani. "Wananchi, Bibi amekufa! Amekufa kabisa!"

Gereji ililipuka kwa vifijo. Mzee mmoja aliyekuwa akipita alivua kofia na kuuliza kwa huzuni msiba uko nyumba gani, na ilibidi Kaka Taratibu amweleze polepole mpaka naye akaanza kucheka.

Sista hakucheka. Alishuka garini, akamsogelea Sindano aliyekuwa bado juu ya boneti.

"Nitavuka na gari hili leo," alisema. "Lakini nataka mtu aliyefunga mpira ule akae nami. Utapanda?"

Sindano aliwaza tundu la jana, na alijua kwamba kama angeulizwa swali hilo saa chache nyuma, angekimbilia chini ya kitanda.

"Nitapanda," alisema, bila kumeza mate.

"Na mimi nyuma, na sanduku," Mama Fundi aliongeza. "Kaka Taratibu atatufuata na gari la gereji, lile la kuvuta yaliyokwama. Tukifika mtoni, mimi ndiye nitakayesema tuvuke au tusivuke. Mto hauonewi haya."

Mto ulikuwa mpana, wa rangi ya udongo, nao ulipita kwa kelele. Ng'ambo, kwenye kilima kidogo, akina mama kadhaa waliokuja siku moja kabla walikuwa wamesimama na watoto migongoni, wakitazama. Mama Fundi alijifunga kamba kiunoni, Kaka Taratibu akaishika ncha ya pili, naye Mama Fundi akaingia majini na fimbo ndefu. Alipima hatua kwa hatua mpaka katikati. Maji yalimfika kiunoni, lakini chini palikuwa na changarawe ngumu na maji hayakuwa na nguvu ya kubeba gari. Aliporudi alikuwa amelowa na anatabasamu.

"Panavukika. Mwendo mmoja, Sista. Usikanyage mafuta kwa pupa, usiachie, usisimame."

Bibi aliingia majini. Maji yalipanda kwenye magurudumu, yakapanda kwenye taa, yakafunika boneti kwa wimbi dogo lililosukumwa mbele. Sindano alikaza macho kwenye bomba jeusi kando ya kioo. Mdomo wake ulikuwa juu kabisa, mkavu, ukivuta hewa. Chini ya maji, mahali asipopaona, mpira wake ulikuwa peke yake na mto mzima.

Injini haikubadilisha sauti. Katikati gurudumu moja liliteleza juu ya jiwe, gari likainama, na Sista akashika usukani kwa nguvu. "Mwendo mmoja," Mama Fundi alinong'ona nyuma. Bibi alinguruma, akashika changarawe kwa magurudumu yote manne, akasonga. Boneti ikaibuka. Taa zikaibuka. Magurudumu yakapanda ukingo wa tope, maji yakimwagika kila upande, na akina mama wa kilimani wakapiga vigelegele mpaka watoto wachanga wakaamka na kuanza kulia kwa pamoja.

Sista alizima gari, akalaza kichwa kwenye usukani na kucheka, kisha akalia, kisha akacheka tena. "Tumevuka! Bibi wewe, tumevuka!"

Sindano alishuka kwanza. Alifungua boneti, akafungua boksi la kichujio. Sista alichomoa leso yake nyeupe mfukoni, akaipitisha ndani ya boksi, kwenye kona zote. Ilitoka na vumbi kidogo. Tone la maji, hapana.

"Kavu!" Sista aliinua leso juu watu wote waione. Mama mmoja alichukua sanduku la chanjo kutoka kiti cha nyuma na kulibeba mbele ya wengine kuelekea zahanati, na msafara mzima ukamfuata kwa nderemo.

Mama Fundi na binti yake walibaki kando ya gari, mmoja amelowa, mwingine amejaa vumbi na grisi.

"Mama, bado umekasirika?"

"Bado kidogo. Nilikwambia mpaka jioni." Mama Fundi alikamua maji kwenye pindo la ovaroli. Kisha akamvuta mtoto wake karibu. "Sikiliza, mwanangu. Mpira kuchanika si kitu. Mimi nimechana mingi, na Kaka Taratibu alishawahi kusahau nati ndani ya injini, muulize atakwambia. Vitu vyote hivyo vinatengenezeka. Lakini ungenyamaza leo asubuhi, hakuna fundi yeyote duniani ambaye angeweza kutengeneza tundu asilolijua. Wale watoto wanachanjwa kesho kwa sababu ulisimama mbele ya gari na kusema ukweli mbele za watu, huku unaogopa. Kufunga mpira nitamfundisha mtu yeyote mwenye mkono mwembamba. Hilo la kusimama ulilifanya mwenyewe, na mimi najivunia kuwa mama yako."

Sindano alimkumbatia mama yake kiunoni, ovaroli ile iliyolowa ikamlowesha naye, na wote wawili wakaelekea zahanati kutazama watu wanavyoshangilia.